Kusambaza ujumbe kwa nodi zote bila kuziba hewa

Juzi nilikuwa namsaidia mwenzangu kurekebisha vifaa vinavyopashana ujumbe kwa waifai moja kwa moja, bila ruta. Ujumbe mmoja ukirushwa, nodi zote (yaani vifaa vyote vya mtandao huo) zinaurudia kwa mpigo, nakala zinagongana, na nodi za pembeni hazipati kitu. Dawa yake ni hii.

Hatua ya 1: Tambua nakala. Kila ujumbe ubebe anwani ya aliyeuanzisha na namba ya mfuatano. Uliokwisha kuonekana haurudiwi.

Hatua ya 2: Subiri, huku ukihesabu. Ujumbe mpya ukifika, chagua muda wa kusubiri kwa bahati nasibu, kisha hesabu nakala unazozisikia kutoka kwa majirani. Zikifika nne, futa zamu yako ya kuurudia. Watafiti wa Taiwan walioichambua dhoruba hii ya nakala mwaka 1999 walikokotoa kwamba nodi iliyokwisha kusikia nakala nne ikirudia, kwa wastani inaongeza eneo jipya lisilofika asilimia 5 ya eneo inalolifikia.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Wanaweka kikomo cha muda wa kusubiri kuwa milisekunde 5, basi kuhesabu kote kunakuwa bure. Ujumbe wa wote (unaorushwa kwa kila anayesikia, sio kwa mmoja) kwenye waifai kwa kawaida hurushwa kwa kasi ya chini kabisa: kwa megabiti 1 kwa sekunde, baiti 500 zinakaa hewani milisekunde 4 na ushee. Hujamaliza kumsikia jirani mmoja, zamu yako imefika! Weka kikomo cha milisekunde 100 hivi. Majirani wakiwa wengi, ongeza. Tena, ujumbe ungoje ndani ya programu yako, sio kwenye foleni ya kadi ya waifai. Ukishaukabidhi kwa kadi, kwa kawaida huna njia ya kuurudisha. Na usitegemee kadi iurushe tena yenyewe: ujumbe wa wote hauthibitishwi na wapokeaji, ukigongana umepotea.

Hatua ya 3: Nodi yenye majirani watatu au pungufu irudie daima.

Wapo watakaokuambia utumie OLSR, itifaki ya kutafuta njia za ujumbe, ambamo kila nodi huteua majirani wa kurudia ujumbe wake. Ni nzuri vifaa vikitulia. Vikihamahama, orodha za majirani wa majirani, ambazo uteuzi huo unazitegemea, zinachakaa haraka, ndiyo maana mimi nabaki na kuhesabu.

Hatua ya 4: Chapisha kwenye logi (kumbukumbu ya programu) idadi ya zamu zilizofutwa. Nodi zikiwa zimesongamana na idadi bado ni sifuri, rudi hatua ya 2, urefushe muda.