Leseni ya redio ya upepo: angalia masafa kabla hujabonyeza

Watu wengi wananunua redio ya upepo (walkie-talkie), wanachaji, wanaanza kuongea, halafu ndo wanauliza kama kuna leseni. Anza na kuuliza. Angalia kibandiko nyuma ya betri, tafuta masafa kwa MHz na nguvu kwa wati, maana hivyo viwili ndo vinaamua karibu kila kitu.

Ulaya kuna PMR446, redio za mkononi za masafa ya 446 MHz, nusu wati tu na antena haichomoki, hiyo huombi leseni. Marekani FRS, redio ndogo za familia, nayo ni huru, mwisho wati 2, ila GMRS, ndugu yake yenye nguvu zaidi, lazima uombe leseni FCC, mamlaka ya mawasiliano ya huko, mtihani hakuna na leseni moja inabeba familia kwa miaka 10. Usihamishe redio za FRS kwenda nazo Ulaya, ziko 462 na 467 MHz na huko hayo masafa yana wenyewe.

Redio inayoponza wengi ni Baofeng UV-5R. Inafungua masafa mapana, antena inachomoka, ina wati kama 4, kwahiyo hata ukiiseti 446 bado haijawa halali, na ukiteleza kidogo unaweza kumwingilia mtu wa ambulensi, hapo sio mchezo jamani.

Redio ya ridhaa, yaani ya kujifurahisha sio ya biashara, unafanya mtihani, unapewa utambulisho wako wa hewani. Kampuni ya ulinzi au ujenzi iombe masafa kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi, waandae idadi ya redio, eneo, wati na urefu wa antena, na redio zinunuliwe baada ya kupangiwa masafa.