SOMO: Kabla hujanunua tanki la pili, soma hapa kwanza (mgao wa maji, nyumba ya watu sita)

Naandika hili mara moja. Kuanzia leo atakayeniuliza "kaka, ninunue tanki la lita ngapi?" nitamtumia hapa na kunyamaza. Tangu mgao wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua mpaka uzalishaji wa maji ya Dar ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi milioni 300 hivi, nimeulizwa swali hilo kwenye daladala, harusini, na mara moja makaburini kabla hatujamaliza kufukia. Jibu langu ni lilelile: sijui, na wewe hujui, maana hujui maji yako yanaishia wapi.

Kwangu ni Kimara, tuko sita, tanki moja la lita 1,000. Wakati ule maji yalikuwa yanatoka siku moja, siku tatu hakuna. Mwanzoni tanki lilikauka siku ya pili mchana. Baada ya wiki tatu za kugombana likawa linafika siku ya nne na ya kudekia yanabaki. Tanki ni lilelile, hatukuongeza hata dumu.

1. Tafuta panapovuja. Kama nyumba yako inakula maji ya bomba moja kwa moja, funga koki zote usiku, andika namba za mita, soma tena alfajiri. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kama unatumia tanki, mita haitakusaidia kitu, kwa sababu yenyewe inahesabu yanayoingia tu. Chukua fito kavu, izamishe kwenye tanki, weka alama ya kisu pale palipolowa, rudia asubuhi. Kwangu alama ilishuka vidole viwili na hakuna aliyeamka usiku.

2. Kamata choo. Ndicho kilichokuwa mwizi wangu. Weka chai ya rangi iliyokolea kwenye tanki la choo, usiflashi, subiri nusu saa. Ukiona wekundu kwenye sinki la choo, mpira wa chini umechoka. Mpira ni hela ndogo, fundi ndiye ghali, kwa hiyo jifunze kuubadilisha mwenyewe.

Halafu piga hesabu. Tanki la choo la zamani linamwaga lita 9 kwa mara moja. Watu sita, mara nne kila mtu, ni lita 216 kwa siku. Ndoo karibu kumi na moja za maji safi, yale yale unayopikia ugali, zinakwenda shimoni. Funga koki ya choo kabisa, flashi kwa ndoo ukitumia maji yaliyokwishatumika. Lita tano au sita zikimwagwa kwa mkupuo mmoja, kwa nguvu, zinatosha. Ukimimina kidogokidogo kama unamwagilia mchicha, utamaliza ndoo nzima na mzigo upo palepale.

3. Kuoga. Nusu ndoo na kopo. Simama ndani ya beseni pana, maji yanayobaki yanakwenda chooni.

4. Meno. Kikombe.

5. Vyombo. Kwangua na futa mafuta kwa karatasi kabla maji hayajagusa sufuria. Beseni moja la sabuni, moja la kusuuzia.

6. Kufua, na maji ya mara ya pili. Hapa tulieni, maana hapa niliharibu.

Mpangilio wenyewe ni rahisi. Anza na nguo nyeupe, ziende za rangi, mwisho soksi na matambara. Maji ya kusuuzia mkupuo wa kwanza yanakuwa maji ya sabuni ya mkupuo wa pili. Yakishachoka yanadeki, na yakishadeki yanakwenda chooni. Ndoo moja inafanya kazi nne.

Kosa langu lilikuwa kuhifadhi. Nilijiona nina akili, nikajaza pipa la lita 100 kwa maji ya mwisho ya kusuuzia, yale yanayoonekana meupe kabisa, nikaliweka koridoni karibu na jiko. Mama mkwe alikuja kutoka Korogwe na basi la usiku. Akaamka kabla yetu, akakuta pipa limejaa, akachota, akawapikia wajukuu uji. Mtoto wa kwanza alionja akasema, "Bibi, uji una harufu ya shati." Uji ulimwagwa, hakuna aliyeumwa, lakini mama yule mpaka leo akifika kwangu ananusa kikombe kwanza, na hanusi kwa siri.

Pipa lenyewe siku ya tatu lilinuka kama soksi, na juu yake vilikuwa vinacheza viluwiluwi vya mbu. Kwa hiyo shikeni haya:

Maji yaliyotumika yasilale zaidi ya usiku mmoja. Yasiyopata kazi leo yamwage chooni leo.

Chombo chake kiwe na rangi yake. Kwangu ndoo nyekundu ni ya choo, na haiingii jikoni hata ikiwa imeoshwa. Mgeni akifika anaonyeshwa ndoo kabla ya kuonyeshwa kitanda.

Usiyamimine kwenye tanki la choo. Sabuni na nyuzi za nguo vinagandia kule ndani na kuharibu ule mpira uliobadilisha hatua ya pili. Mimina kwenye sinki lenyewe.

Maji yenye jiki yasiguse bustani. Niliua tuta zima la matembele.

Na maji safi uliyohifadhi yafunike pia. Mbu wa dengue anapenda maji masafi yaliyotulia ndani ya nyumba, na anauma mchana. Dar tulimwona mwaka 2014 na tena 2019. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja tu, kwa hiyo ndoo isiyo na kifuniko ukiisahau wiki mbili umeshafuga.

7. Siku maji yanaporudi. Usiyaache yaingie tankini moja kwa moja. Ya kwanza yanakuja na kutu na tope. Fungua koki ya nje, kinga yale machafu kwenye ndoo nyekundu mpaka yang'ae, ndipo ufungulie tanki. Ya kunywa chemsha, hata kama zamani ulikuwa huchemshi: bomba likikaa tupu, maji ya mtaroni hupenya kwenye nyufa zake.

Nimemaliza. Ulizeni, ila someni kwanza.

---

Msela_wa_Goba: Mkuu somo zuri. Sasa kwa familia ya watu watano ninunue tanki la lita ngapi?

Jibu: Rudi kwenye mstari wa pili.

Mama_Wawili: Kaka asante. Mimi ni mpangaji, vyumba viwili uani, choo ni cha kuchuchumaa tunachangia kaya nne. Sina tanki la kufunga wala mita yangu. Naanzia wapi?

Jibu: Dada, wewe umeshavuka hatua ngumu, choo chako hakina tanki la kuiba. Anza na kipimo: kwa siku tatu hesabu madumu yanayoingia chumbani kwako na andika ukutani kila moja limetumika wapi. Kwenye dharura huwa wanahesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kama kiwango cha chini kabisa, kunywa, kupika na usafi pamoja. Kama mko watatu hiyo ni lita 45, madumu mawili na robo. Ukiona unatumia matano, angalia kufua kwanza. Na ongea na wenzako wa uani: siku ya kufua iwe moja kwa kaya zote, maji ya mwisho yajaze ndoo za choo cha wote. Uani kwa mama yangu mdogo Manzese wanafanya hivyo, na ugomvi wa nani hajamwaga maji chooni umepungua.

Mama_Wawili: Ya kila mmoja kufua siku yake ndiyo inatuua kweli. Nitawaambia Jumamosi.

Kidumu20: Kuweka tofali kwenye tanki la choo ili lipunguze maji vipi? Naona wengi wanasema.

Jibu: Tofali linamumunyika, mchanga unakaa chini ya mpira, linaanza kuvuja. Jaza maji chupa ya lita moja na nusu, ifunge, ilaze mbali na floti. Umeokoa lita moja na nusu kila unapoflashi.

Boss_Pampu: Mbona unahangaisha watu? Mimi nimefunga pampu kwenye bomba la mtaa, yakitoka tu nayavuta yote, tanki dakika kumi limejaa. Ujanja tu.

Jibu: Kwanza hairuhusiwi. Pili unavuta na maji ya mtaroni kupitia kila ufa wa bomba, unajaza tankini kwako, unakunywa. Tatu majirani zako wanakujua.

Boss_Pampu: Wivu.

Jibu: Sawa.

Bi_Kisauni: Assalamu alaykum. Huku kwetu Mombasa maji ya mfereji yakikatika twanunua mitungi kwa mikokoteni, na cha uani ni kisima cha chumvi. Sabuni haitoki povu kabisa, nguo zabaki na utando. Hiyo ndoo yako yenye kazi nne kwangu yafanya kazi nusu. Wafanyaje wewe?

Jibu: Waalaykum salaam bibi. Swali hili nimelisubiri siku nyingi. Ule utando ni sabuni ya kipande iliyoshikana na chumvi za maji, haitoi povu wala haitoki kwenye nguo. Sabuni ya unga inavumilia zaidi. Fua na suuza mara ya kwanza kwa maji ya kisima, kisha suuza ya mwisho kwa maji matamu kidogo, ndoo moja inatosha beseni zima. Choo na kudeki vyote viende kisimani, usitie maji ya mtungi hata tone. Ila usimwagilie mboga kwa maji ya chumvi kila siku, udongo unakufa polepole.

Bi_Kisauni: Ahsante mwanangu. Ya kunde tushayaona, majani yaungua pembeni. Mimi naongeza langu: maji ya kuoshea mchele usiyamwage, hayo ndiyo ya mimea.

Jibu: Hilo sikuliandika na nalifanya kila siku. Asante.

Mwanafunzi_UDSM: Kaka, na mvua? Vuli ikija, paa la bati linaweza kutoa kiasi gani kweli? Nataka kumshawishi mzee aweke gata.

Jibu: Mshawishi kwa hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita 10, ile ya saa moja ya kawaida tu, ni lita 800. Toa zinazoruka na kupotea, bado unabaki na zaidi ya 600. Pima paa kwa chini, urefu na upana wa kivuli chake, usihesabu mteremko. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie iende, inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Na gata ikielekea upande mmoja tu wa nyumba, hesabu nusu.

Mwanafunzi_UDSM: Nimepima sasa hivi. Mita 7 kwa 9, upande mmoja. Kwa hiyo lita 315 kwa mvua hiyo hiyo, kabla ya kutoa zinazopotea?

Jibu: Ndiyo. Mwonyeshe mzee karatasi, na bei ya boza chini yake.

Msela_wa_Goba: Nimesoma yote sasa. Nimefanya ile ya chai. Choo cha wageni kimekuwa chekundu ndani ya dakika tano 😅

Jibu: Haya ndiyo maneno. Nenda na mpira wa zamani dukani mkononi, saizi ziko nyingi, usibahatishe.

FundiSpana: Na akiufungua asugue na pale unapokalia mpira. Mara nyingi mpira ni mzima, ni chokaa tu imejaa. Sponji na siki vinatosha.

Jibu: Fundi umenyima wenzako kazi.

FundiSpana: Kazi zipo. Mwenye kiyoyozi akinge na yale maji yanayodondoka nje ukutani. Ofisini kwetu mashine moja inajaza dumu kwa siku.

Mama_Wawili: Hayo yanafaa kunywa?

FundiSpana: Hapana dada, yamepita kwenye vumbi lote la mashine. Kudeki na choo tu.