Jinsi ya Kusoma Ukuaji wa Ndege wa Kale Ndani ya Mfupa wa Paja

Mwongozo huu nimemwandikia mwanafunzi aliyezoea darubini lakini hajawahi kukata mfupa. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaoanza ni kukimbilia kuhesabu pete za ukuaji kabla ya kuutazama mfupa wenyewe ulivyojengwa.

Hatua ya 1: Anza na kuku. Chukua mfupa wa paja wa jogoo na wa tetea anayetaga, uisafishe, uikaushe, kisha uipasue. Pango la uboho la jogoo litakuwa tupu, ilhali la tetea utalikuta limejaa vijiti vyembamba vya mfupa, ambavyo ni akiba ya kalisi ya kutengenezea maganda ya mayai. Mwaka 2013, Anusuya Chinsamy wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walieleza kuwa wamekuta tishu ya namna hiyo ndani ya Confuciusornis, ndege wa kale wa China, asiyekuwa na manyoya marefu ya mkia, na kwa ushahidi huo wakamtambua kuwa ni jike.

Hatua ya 2: Chagua katikati ya mfupa, kwa sababu ncha zake hufumuliwa na kujengwa upya kila mfupa unaporefuka. Piga picha, pima vipimo vyote na uchukue kalibu, maana ukishakata umekata.

Hatua ya 3: Zamisha kipande katika resini, yaani gundi ya plastiki inayoganda, uvute hewa kwa pampu, na kikishaganda ukikate kwa msumeno wa almasi. Sugua uso mmoja hadi uwe laini, uugundishe kwenye kioo, kisha usage upande wa pili hadi ubaki unene wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 50 hadi 80. Wakati fulani niliacha kipande kwenye mashine nikapokea simu. Niliporudi nilikuta kioo kitupu, kisafi kana kwamba kimeoshwa. Tangu siku hiyo nakagua kila baada ya sekunde chache, na simu naiacha chumba kingine.

Hatua ya 4: Soma tishu kwanza, na usiharakishe. Mfupa uliojengwa upesi una nyuzi za kolajeni (protini ya mfupa) zilizosukwa ovyo, vishimo vya seli vilivyo karibu na duara, na mishipa mingi ya damu. Uutazame kwa mwanga uliopolaraizwa, yaani kati ya vichujio viwili vilivyopishana, nao utabaki na giza hata ukizungusha meza ya darubini. Mfupa uliojengwa polepole una nyuzi zilizolala sambamba, vishimo bapa na mishipa michache, na sehemu kubwa yake hung'aa na kufifia kwa pamoja. Confuciusornis ana tishu ya kwanza kwa wingi. Archaeopteryx, ndege wa kale wa Ujerumani aliyeishi takriban miaka milioni 150 iliyopita, ana ya pili: mwaka 2009 Gregory Erickson na wenzake walichunguza vipande vidogo mno vya mfupa wake, wakakadiria kwamba alihitaji siku zipatazo 970 kufikia utu uzima, wakati ndege wengi wa leo humaliza kukua kwa majuma machache tu. Hata hivyo, mnyama mdogo kwa kawaida huwa na mishipa michache, kwa hiyo linganisha na mnyama wa ukubwa ule ule, kwani kumpima ndege mdogo kwa mbuni ni kumwonea.

Hatua ya 5: Sasa hesabu pete, yaani mistari inayoonyesha ukuaji ulisimama, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Mwaka 1994 mistari hiyo ilitangazwa katika ndege wa kale wa Argentina, na wengine wakaona kuwa hawakuwa na damu moto kamili. Mimi siikubali hoja hiyo, kwa sababu wanyama wenye damu moto nao wana mistari hiyo: ndege kiwi anayo, moa, ndege mkubwa wa New Zealand aliyetoweka, alikuwa nayo, na mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba hata wanyama wacheuao wa nchi za joto wanayo. Kumbuka pia kwamba pango la uboho hupanuka na kumeza pete za utotoni, kwa hiyo idadi unayoiona ni ya chini kuliko umri halisi.

Hatua ya 6: Malizia kwa ukingo wa nje. Ndege aliyekoma kukua huwa na tabaka jembamba lisilo na mishipa, lenye mistari iliyobanana. Lisipoonekana, na ukawa na uhakika kwamba uso wa mfupa haukumomonyoka, andika daftarini kwamba alikufa angali anakua, na usichukue urefu wa mfupa huo kuwa kimo cha spishi yake.