Kukuza Seli Shina za Kitovu katika Maabara ya Kampala

Kwa maabara inayoanza, chanzo chema cha seli shina, yaani seli zinazoweza kujigawa na kugeuka kuwa seli za aina nyingine, ni kiungamwana, ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo la nyuma, kwa kuwa kipande chake huchukuliwa baada ya kujifungua bila kumuumiza mama wala mtoto. Ndani yake, kuzunguka mishipa mitatu ya damu, mna ute mzito uitwao jeli ya Wharton, wenye seli shina za mesenkima zinazoweza kugeuka kuwa seli za mfupa, gegedu au mafuta. Ndiyo sababu zinatafitiwa sana katika juhudi za kujenga upya tishu zilizoharibika.

Anza na idhini. Utafiti wa namna hii Uganda huhitaji kupitishwa na kamati ya maadili iliyoidhinishwa na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na mama naye aombwe ruhusa mapema, kabla uchungu haujamshika, kwa lugha anayoielewa. Katika familia nyingi za Baganda, kipande cha kitovu kinachomdondoka mtoto huhifadhiwa kwa heshima kwa ajili ya mila za ukoo. Mweleze mama wazi kwamba kipande hicho hakitaguswa, na kwamba kinachoombwa ni sehemu iliyobaki upande wa kondo. Pia apimwe virusi vya Ukimwi, homa ya ini na kaswende.

Kabla ya kupokea kamba, shughulikia urefu wa mahali ulipo. Kampala ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na kanieneo ya hewa yake ni ndogo kuliko ya pwani, hivyo otoklevu, mtambo wa kutakasa vifaa kwa mvuke wa moto, ambayo geji yake inasoma kilopaskali 103 haifiki nyuzi 121 kama ilivyoandikwa katika vitabu. Fuata kipimajoto, si geji. Inkubeta, kabati lenye joto ambamo seli hukuzwa, nayo huwekwa nyuzi 37, lakini asilimia 5 ya kabonidioksidi hapa ni pungufu ya ile ya usawa wa bahari. Ili kuifikia, huhitajika takriban asilimia 5.7. Pima pH (kiwango cha asidi) ya lishe yenyewe, yaani kimiminika kinacholisha seli, iwe kati ya 7.2 na 7.4. Umeme ukikatika, usifungue mlango wa inkubeta hadi jenereta ishike.

Kamba isafirishwe ikiwa baridi, ndani ya maji ya chumvi yaliyotakaswa, na ishughulikiwe siku hiyohiyo. Ukiwa kwenye kabati salama, lile linalopuliza hewa iliyochujwa ili vijidudu visiingie, osha damu yote, toa mishipa, kisha kata jeli vipande vya milimita 2 hadi 3. Vipange katika sahani ya plastiki, viache dakika 15 vishike, ndipo uongeze lishe kidogo yenye seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli) asilimia 10, polepole kutoka ukingoni, visije vikaelea. Halafu usiiguse sahani kwa siku 5. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea: kila asubuhi huitoa kuitazama, vipande vikabanduka, kazi ikaanza upya. Baada ya hapo badilisha lishe kila siku ya tatu. Ndani ya wiki moja au mbili, hadubini itaonyesha seli nyembamba, ndefu, zikitoka kwenye kingo za vipande na kuelekea upande mmoja kama kundi la mukene, wale dagaa wadogo, ziwani. Huo ni wakati wa furaha ya kweli.

Zikifunika asilimia 70 hadi 80 ya sahani, zihamishie sahani mpya. Zioshe, zimwagie tripsini, kimeng'enya kinachozibandua, kwa dakika 3 hadi 5 tu, gonga sahani taratibu, kisha isimamishe tripsini kwa lishe yenye seramu. Hesabu zilizo hai kwa rangi ya tripani bluu, ambayo huingia katika seli zilizokufa tu, kisha panda takriban seli 5,000 kwa kila sentimita mraba. Binafsi sipendi kuzitumia zikishapita uhamisho wa tano, kwani kadiri zinavyohamishwa ndivyo zinavyozeeka.

Adui mkubwa ni mikoplazma, bakteria mdogo sana, ambayo haionekani kwa hadubini ya kawaida wala haiuawi na penisilini, maana haina ukuta wa seli. Ipime kila mwezi kwa PCR, kipimo kinachotafuta DNA yake. Chupa iliyoambukizwa iteketezwe bila huruma.

Uthibitisho hufuata vigezo vya kimataifa vya mwaka 2006: seli zishike kwenye plastiki, ziwe na alama (protini za juu ya seli) za CD73, CD90 na CD105, zikose za seli za damu kama CD45, na zigeuke kuwa mfupa, mafuta na gegedu. Hata zikifaulu, ni za utafiti. Kumdunga mgonjwa seli zilizokuzwa katika maabara ya kawaida ni kumhatarisha.

Za akiba zigandishwe katika DMSO, kemikali inayozikinga zisiharibiwe na barafu, asilimia 10, joto likishuka nyuzi 1 kwa dakika, kisha zihifadhiwe ndani ya nitrojeni ya kimiminika. Wakati wa kuziyeyusha, fanya haraka katika maji ya nyuzi 37, na utoe kichupa kabla barafu haijaisha yote.