Akikohoa damu, mlaze upande gani?

Kiangazi kilichopita walimleta mzee mmoja kwa bajaji kwenye zahanati yetu, wilaya ya Chamwino. Mwanawe alikuwa amemlaza chali, kichwa mapajani, huku ameshika kopo la Kimbo lenye damu. Kopo lile lilinieleza mengi kuliko maneno yao yote, kwa hiyo na wewe usiimwage, njoo nayo.

Damu ya mapafu huja na kikohozi, ni nyekundu mbichi, ina povu na makohozi. Ya tumboni hutapikwa, mara nyingi nyeusi kama machicha ya kahawa, pengine na chakula. Chungulia pia pua na fizi. Damu ya pua ikiteremka kooni usiku, asubuhi mtu huapa kwamba pafu limepasuka.

"Shikamoo babu, unasikia wapi?" Akashika kifua upande wa kulia: "Huku kunachemka." Nikamgeuza alalie ubavu huohuo. Mwanawe akaruka: "Daktari, si ndiyo upande mbovu?" Ndiyo maana! Damu ya mapafu huwahi kuua kwa kuziba pumzi kabla haijaisha mwilini. Pafu bovu likiwa chini, damu hubaki hukohuko na lile zima linapata hewa. Usipojua upande, mkalishe ainame mbele, ateme, asimeze. Asipewe chakula, maji ya chumvi wala aspirini. Nawe vaa barakoa, fungua madirisha.

Michirizi kwenye makohozi, nenda kituoni siku hiyohiyo. Damu ya kujaza mdomo, au anahema kwa shida, usingoje kupambazuke.

Mimi nilimwekea oksijeni na kanula, kile kijibomba cha mshipani, tukaita gari. Njia yetu ina makorongo, basi mwanawe akakunja shuka akamkingia mgongo asibiringike. Dodoma mjini alipigwa eksirei na CT skani, akachomwa sindano ya traneksamiki kupunguza kuvuja kwa damu. Ikigoma, huingizwa kamera kwenye njia ya hewa, au mshipa unaovuja huzibwa kwa ndani. Chanzo ndicho hasa cha kutibiwa: TB, nimonia, saratani, damu iliyoganda mapafuni, hata vali ya moyo iliyobana.

Mzee aliwahi kumaliza dozi ya TB, ya miezi 6, na nyumbani walishaamua imerudi. Makohozi yakapimwa, hakuna TB. Ndani ya shimo lililoachwa na ugonjwa wa zamani lilikuwa limekaa donge la fangasi, na dozi nyingine ya TB isingeligusa.