Somo: Kutafsiri dodoso la tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili

Hili ni la wanaosoma uzamili wa afya hapa Dar, wenye dodoso la Kiingereza na wagonjwa wa Kiswahili. Tafsiri ya usiku mmoja hailalamiki. Kosa lake huonekana siku ya kuchambua data, wakati watu 300 wameshahojiwa.

1. Tafuta kwanza kama kipimo chako kina toleo la Kiswahili lililokwisha kupimwa. PHQ-9, yale maswali tisa ya sonona, linalo. Ukilitumia, usiguse maneno yake kiholela, maana alama zako hazitalinganishika tena na za wengine.

2. Kama halipo, tumia watafsiri wawili, kila mmoja peke yake: mmoja wa tiba, mwingine asiye wa tiba. Wa kwanza ataandika "shinikizo la juu la damu", wa pili "presha". Mgonjwa wa Mbagala anasema presha. Kaeni, mchague, na sababu ziandikwe. Utazihitaji kwenye sura ya mbinu.

3. Mtu wa tatu, ambaye hajaliona la Kiingereza, alirudishe kwa Kiingereza. Wengi huishia hapa, na hapa ndipo pa kuponzeka. Chukua jibu la "zaidi ya nusu ya siku" ndani ya wiki mbili. Mtafsiri analirudisha salama kabisa. Mgonjwa anasikia kuanzia asubuhi hadi baada ya mchana, yaani masaa! Ulichotaka ni siku nane au zaidi kati ya kumi na nne.

4. Kwa hiyo keti na watu 5 hadi 10 wanaofanana na walengwa wako. Usiulize "Umeelewa?" Kwa heshima tu watasema ndiyo. Sema: "Hebu nieleze kwa maneno yako, hapa tunauliza nini?" Kisha nyamaza.

5. Jaribio dogo: karibu asilimia 10 ya sampuli, kwenye kituo ambacho hakimo kwenye utafiti. Sampuli ikiwa 385, ni watu 39. Data yao usiichanganye na ya mwisho.

6. Peleka kamati ya maadili dodoso na fomu ya ridhaa, kwa lugha zote mbili, kabla ya kukutana na watu wa hatua ya 4 na ya 5.

MASWALI

Swali: Mkuu, asante kwa somo. Alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi maswali yanavyoendana) kwenye jaribio imetoka 0.41, ni ndogo. Nifute maswali?

Jibu: Usifute bado. Angalia kwanza maswali yanayoelekea kinyume, kama uligeuza alama zake. Halafu yasome kwa sauti. Una "Husahau kumeza dawa"?

Swali: Lipo, la 4.

Jibu: Huyo ndiye mchawi. "Husahau" ni wewe huwa unasahau, na pia ni wewe usiyesahau kamwe. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havibadilishi irabu ya mwisho kwenye kukanusha, kwa hiyo "hunywi" inajieleza, "husahau" haijielezi. Nusu wamejibu hivi, nusu vile. Andika "Je, kuna siku unasahau kumeza dawa?" kisha, kamati ya maadili ikiridhia, ujaribu upya kwa watu wengine.

Swali: Nina data ya muda wa kumeza dawa, iliyoingizwa kwenye tableti (kompyuta ndogo ya mhojaji), na wagonjwa wengi wanaonekana wanameza saa nane usiku. Inawezekana?

Jibu: Mgonjwa alisema saa mbili usiku, mhojaji akabonyeza 02:00. Ilitakiwa 20:00. Usisahihishe kwa kukisia: ongeza masaa 18 kwa wale tu ambao karatasi ya mhojaji au mgonjwa mwenyewe anathibitisha. Safari ijayo weka chaguo la asubuhi, mchana, jioni, usiku, kisha saa ya Kiswahili, na programu igeuze yenyewe.

Swali: Kibali cha maadili ninacho tayari. Nikibadilisha hilo swali la 4 lazima nirudi kamatini?

Jibu: Ndiyo, hata kwa neno moja. Peleka ombi la marekebisho, la zamani na jipya sambamba, na usimhoji mtu kwa toleo jipya hadi barua itoke.