Jinsi ya kutumia "laini" bila kumwacha msomaji akikisia

Nahariri maelezo ya bidhaa, na neno linalonirudisha nyuma mara nyingi kuliko mengine yote ni hili "laini". Juzi nilimsaidia mwandishi mmoja kupanga upya maelezo ya shuka na viti, tukaona njia tuliyoifuata inaweza kumfaa mtu mwingine.

Hatua ya 1: Bonyeza, kisha papasa

Kabla hujaandika, jiulize sifa hiyo inajulikanaje. Ukibonyeza kitu kikabonyea, ni laini, na kinyume chake ni kigumu. Ukipapasa na mkono ukateleza bila kukwama, hicho nacho ni laini, ila kinyume chake ni kile kinachokwaruza au kinachoparuza. Kioo ni laini kwa maana ya pili tu. Mto uliotengenezwa kwa gunia ni laini kwa maana ya kwanza tu. Ukiandika "kiti laini", msomaji hajui unasifu godoro lake au mbao zake. Andika "kiti chenye godoro laini" au "kiti chenye mbao laini zisizokwaruza".

Hatua ya 2: Upatanisho wa kisarufi

Hapa ndipo kazi ilipo, kaa nami.

"Laini" asili yake ni Kiarabu, na kama "safi", "ghali" na "imara", haichukui kiambishi cha ngeli. Kitambaa laini, vitambaa laini, uzi laini, nyuzi laini. Usiandike "vitambaa vilaini", hata kama sikio limeshalizoea. Linganisha na "-gumu", inayobadilika kila mara: kiti kigumu, viti vigumu, uzi mgumu, nyuzi ngumu, tunda gumu, matunda magumu. Ukiandika sentensi yenye vivumishi vyote viwili, kimoja kitabadilika na kingine kitatulia: "viti vigumu vyenye mito laini".

Lakini kutobadilika kwa "laini" hakuyapi likizo maneno ya jirani. Kitenzi, kionyeshi na kirejeshi vinaendelea kufuata ngeli: "vitambaa hivi laini vinateleza", "kitambaa kilicho laini", "nyuzi zisizo laini". Makosa mengi niliyoyasahihisha yako kwenye kirejeshi, si kwenye kivumishi. Mtu anaandika "vitambaa ambayo ni laini", na kwa sababu "laini" yenyewe iko sawa, jicho linapita. Dawa ninayoiamini ni kusoma kwa sauti ukiliruka neno "laini": "vitambaa ambayo ni..." Kosa linajitokeza lenyewe. Programu za kusahihisha tahajia hazitakusaidia hapa, kwa kuwa kila neno peke yake limeandikwa sawasawa.

Halafu kuna "-ororo", ambayo inabadilika. Wengi wameshika umbo la "nyororo" tu, wanalibandika kila mahali. Mimi nalitumia kwa nomino zinazolikubali bila mabishano, yaani ngozi, nywele, sauti. Kwingineko narudi kwenye "laini", nalala usingizi.

Hatua ya 3: Chagua kati ya sifa na kitendo

Kama kitu kilikuwa kigumu kikabadilika, tumia kitenzi: ngozi imelainika (yenyewe), imelainishwa (na mtu au dawa). Nomino ni "ulaini".

Hatua ya 4: Angalia maana za pembeni

"Maneno laini" ni ya upole, na "moyo umelainika" ni hasira iliyoshuka. Ila "mtu laini" wengine watamsoma kama dhaifu, kwa hiyo kama unamsifu andika "mpole". Na kwenye maelezo ya simu jihadhari zaidi, maana huko "laini" ni nomino: "laini yangu imefungwa". Kasha la simu likiwa halikwaruzi, sema hivyo hivyo, "halikwaruzi".